Nimehamia Mbeya kutoka Tanga: nipike nini kitamu bila nazi, chumvi na mafuta mengi?

Binti wa Muheza

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za huko mliko. Nimezaliwa Muheza, nikalelewa na bibi ambaye kwake mboga isiyotiwa nazi ilikuwa mboga ya mgonjwa, na mwaka jana nikaolewa na kuhamia hapa Mbeya. Upishi wangu wa Tanga umegoma kunifuata, na ndiyo sababu ninaandika.

Baba mkwe amekuja kukaa nasi tangu alipoambiwa hospitali kwamba shinikizo lake la damu liko juu, hivyo apunguze chumvi na mafuta. Siku ya kwanza nilichemsha mchicha mtupu, bila chumvi na bila hata tone la mafuta, nikamtengea na ugali. Alikula matonge mawili, akanawa, kisha akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko kama angefoka: "Mwanangu, hii ni mboga au ni dawa?" Tangu siku hiyo nimepunguza mafuta kwa nusu, lakini ladha ninaifidia kwa vidonge viwili vya kiungo cha supu katika kila sufuria, na moyo wangu hautulii juu ya vidonge hivyo.

Nazi hapa sokoni ni ghali, na mara mbili nimevunja nikakuta zimeshaharibika. Maharage nayo yamenishinda kabisa: kwetu yaliiva kwa saa moja na nusu, hapa yanakaa jikoni saa tatu, mkaa unateketea, na bado ukibonyeza punje unakuta moyo wake ni mgumu. Jirani ameniambia nitie magadi.

Zaidi ya hayo, mwisho wa mwezi tutapokea wageni wa ukoo wapatao 15. Ningependa wakute vitafunwa vya kuanzia kabla ya chakula chenyewe, lakini kila ninachokijua, yaani sambusa, kachori, katlesi na bajia, kinazama kwenye karai la mafuta. Nina jiko la mkaa, jiko la gesi la mafiga mawili, na sina oveni. Naomba msaada wenu.

Mama wa Rungwe

Marahaba, mwanangu, na karibu nyanda za juu. Huyo baba mkwe wako ana haki yake. Hata mimi ningeuliza swali lile lile.

Nianze na nazi, kwa kuwa naona ndiyo inayokuliza. Huku kwetu kazi ya nazi hufanywa na karanga. Chukua karanga mbichi, zichague moja moja kwenye ungo, na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye dalili ya ukungu uzitupe bila huruma. Zikaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo huku unageuza, mpaka ganda lake jekundu lianze kupukutika lenyewe. Pepeta, kisha twanga kwenye kinu mpaka zianze kushikana na mchi. Zikifika hapo acha, kwa sababu ukiendelea utapata uji, na uji wa karanga hutulia chini ya sufuria na kuungua kabla hujageuka.

Sasa chukua majani ya maboga machanga. Vunja kikonyo kwa nyuma, vuta zile nyuzi zitoke pamoja na ngozi yake hadi kwenye jani, kata kata, uyaweke kwenye sufuria na maji kidogo sana yaliyokwisha kuchemka. Yakinywea, tia kitunguu na nyanya mbili zilizokatwa. Koroga vijiko vitatu vya karanga zako katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina, punguza moto, na hapo usiondoke jikoni, kwa sababu karanga hufoka kama maziwa. Ukikoroga taratibu kwa dakika 10 hadi 15 utaona vijitone vya mafuta vinaelea juu na rangi ya mchuzi inageuka kutoka nyeupe kuwa ya udongo. Hapo mboga imeiva, na mafuta unayoyaona ni ya karanga zenyewe. Wewe hukuongeza hata kijiko. Kabla ya kuipua kamulia nusu ya limao. Limao ndilo linalomfanya mtu asiulize chumvi iko wapi.

Kuhusu kukaanga kitunguu: wengi humimina mafuta mpaka kitunguu kielee, wakidhani ladha inatoka kwenye mafuta, ilhali inatoka kwenye kitunguu chenyewe kinapogeuka rangi. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, weka kitunguu kilichokatwa vyembamba, funika, na uache moto uwe mdogo. Kikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji na ukwangue ile rangi ya kahawia iliyoganda kwenye sufuria ichanganyike na kitunguu. Rudia mara tatu au nne. Baada ya dakika 20 utakuwa na kitunguu laini, cheusi kidogo na kitamu kama kimetiwa sukari. Ndipo utie kitunguu saumu, tangawizi na nyanya. Ni kazi ya subira, na sitakudanganya kwamba inafaa siku ambayo umechelewa kutoka kazini.

Viungo vyenu vya Muheza usiviache. Hiliki na pilipili manga mlizozoea kuzitia kwenye pilau zinafaa vilevile kwenye ndizi za Tukuyu zilizopikwa na nyama isiyo na mafuta, na hakuna Mnyakyusa atakayekushtaki.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Dada, maharage yako hayana tatizo, na wewe huna tatizo. Tatizo ni mwinuko.

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayokandamiza maji kwenye sufuria hupungua, na maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 huondoa nyuzi joto moja hivi. Maji ya Tanga mjini huchemka kwenye nyuzi 100, ya kwako hapo Mbeya kwenye 94 au karibu na hapo, na ya ndugu zetu wa Njombe hupungua zaidi. Ukiongeza mkaa maji yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, lakini joto lake halitapanda hata kidogo. Kwa hiyo ule mkaa wa saa tatu ulikuwa unapika mvuke. Wanafunzi wangu huwa hawaniamini mpaka niwaletee kipimajoto darasani.

Dawa yake ya kwanza ni kuloweka. Loweka maharage usiku kucha katika maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo na uanze na mapya. Ya pili ni kununua maharage ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevu, huwa magumu hata ukiyapika mpaka jioni. Hapo Mbeya muulize muuzaji akupe Kablanketi, yale yenye michirizi ya zambarau na kijivu, au maharage ya njano. Mimi naona Kablanketi hutoa mchuzi mzito zaidi, ingawa mke wangu hakubaliani nami. Ya tatu ni kutotia nyanya wala limao kabla punje hazijalainika, kwa kuwa uchachu huzuia ganda kulegea. Ya nne, na ndiyo kubwa, ni sufuria ya presha: mvuke uliofungiwa ndani hupandisha joto hadi zaidi ya nyuzi 110 hata huku milimani, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda usiofika hata nusu saa. Bei yake itakushtua mara moja tu. Mkaa unakushtua kila wiki.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kuacha maharage mekundu kwenye moto mdogo wa mkaa siku nzima: yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na kuchemka kwa nguvu, si kwa uvuguvugu. Yachemshe sana angalau dakika 10, na huku juu mimi huongeza hadi 30, ndipo upunguze moto.

Kuhusu magadi, jirani yako hakukosea kwamba yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Zaidi ya hapo, magadi ni chumvi ya sodiamu, na sodiamu ndiyo hiyo hiyo ambayo daktari wa baba mkwe wako anaikimbia. Utaacha kutia chumvi ya mezani halafu umrudishie kwa mlango wa nyuma.

Kijana wa Mafinga

Kuhusu vitafunwa, jiko la mkaa unalo, kwa nini utafute oveni? Chukua viazi vidogo vya Uporoto, uvioshe sana, uvichemshe na maganda yake mpaka kisu kipenye kwa taabu kidogo, uviache vipoe, uvikate vipande viwili, uvipake mafuta kidogo kwa mkono na uvipange juu ya wavu upande uliokatwa ukitazama makaa. Dakika tano tu vinapata ngozi ya dhahabu. Vile vilivyoota rangi ya kijani usivitumie, vina sumu. Nyunyiza pilipili manga na giligilani, na hutasikia mtu akiulizia chipsi.

Mtaalamu wa Lishe (sasa niko kwenye bustani yangu)

Nimewasoma wote kwa furaha, na ninaunga mkono karibu yote, isipokuwa nina neno kidogo kwa Mama wa Rungwe nitakalolisema baadaye.

Dada yangu, anza na vidonge vya supu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyojificha ndani ya mkate, soseji, na vidonge hivyo, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Kwa hiyo wasiwasi wako ni wa haki. Lakini usiviondoe vyote siku moja, kwa sababu ulimi uliozoea chumvi huasi. Punguza kuwa kimoja, kisha nusu, na baada ya wiki chache atakula chakula chenye chumvi ndogo na kukiona kimekolea. Usimnunulie zile chumvi mbadala zenye potasiamu kabla hajamuuliza daktari wake, kwa maana zinaweza kumdhuru mwenye tatizo la figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Na dawa zake aendelee kuzimeza, hata kama mboga zako zitakuwa tamu namna gani.

Kuhusu mafuta, ule mchicha wa siku ya kwanza ulikuwa na kosa upande wa pili. Viini vya vitamini A vilivyomo kwenye mboga za kijani, karoti na viazi lishe huhitaji mafuta kidogo ili mwili uvichukue. Mboga isiyo na mafuta kabisa hupita na sehemu ya faida yake. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Mpishi anayemimina nusu kikombe kwenye sufuria moja ameongeza karibu kilokalori 1,000 bila kuongeza hata tonge moja la chakula. Kwa familia ya watu watano, vijiko viwili katika sufuria ya mboga vinatosha, mradi uvipime kwa kijiko na si kwa jicho. Hapa ndipo ninapomgusa Mama wa Rungwe: karanga ni chakula bora, lakini zina mafuta mengi, kwa hiyo siku ya karanga usiongeze mafuta mengine. Na alivyosema kuhusu kuzichagua, msichukulie kama mapambo ya maelezo. Ukungu wa karanga na mahindi hutoa sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi yote, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Ukisaga dona, ambalo ninalipendelea kuliko sembe kwa kuwa linabaki na kiini na pumba zake, hakikisha mahindi yalikauka vizuri na uyachague kwanza.

Jambo jingine linahusu kinywaji chetu. Sisi tunaoishi karibu na mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe tuna tabia ya kushushia chakula kwa chai ya rangi, na chai hiyo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Isubiri walau saa moja baada ya kula. Limao la Mama wa Rungwe, kwa upande wake, hufanya kinyume: vitamini C yake husaidia madini hayo yaingie. Alilitia kwa ajili ya ladha, na akapatia mara mbili.

Niseme na hili ingawa hukuliuliza, kwa sababu nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Mikoa yetu hulisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo nimeiona kwa macho yangu: mayai, maharage na maparachichi yanapanda lori kwenda mjini, na mezani unabaki ugali na mboga ya aina moja. Mkipata mtoto, hizo karanga na maharage mnayoyazungumza hapa ndiyo mwanzo mzuri wa sahani yake.

Mama wa Rungwe

Nimekubali kosa la mafuta, mtaalamu. Kijiko chako nimekipokea.

Mwanangu, nilisahau wageni wako. Viazi vya huyu kijana wa Mafinga ni vizuri, lakini vinahitaji cha kuchovea. Ponda parachichi moja kubwa lililoiva, lile la Hass likishageuka zambarau na kulegea kidogo unapolibonyeza karibu na kikonyo. Tia limao mara moja ili lisiwe jeusi, kisha kitunguu kilichokatwa vidogo sana, pilipili mbuzi kiasi cha kutambulika, na giligilani, ambayo nadhani ninyi huko Tanga mnaiita kotimiri. Cha pili ni mtindi: ufunge ndani ya kitambaa safi, uutundike juu ya bakuli tangu jioni, na asubuhi utakuta umekuwa mzito kama siagi. Changanya na kitunguu saumu kilichopondwa na tango lililokunwa na kukamuliwa maji. Mtindi huo huo, ukiutia tangawizi, unalainisha vipande vya kidari cha kuku vikikaa humo usiku kucha, halafu unavitunga kwenye vijiti na kuvichoma juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa majivu. Weka na karoti na matango yaliyokatwa marefu. Wageni 15 watatosheka, na karai la mafuta litabaki limeangikwa ukutani.

Binti wa Muheza

Wapendwa, nimerudi kuwashukuru na kutoa taarifa.

Karanga za kwanza zilifoka na kuzima jiko, kwa sababu niligeuka kujibu simu. Za pili zilikaa vizuri, na Baba mkwe aliongeza mboga mara mbili bila kusema neno, jambo ambalo mume wangu ananiambia kwamba kwa mzee yule ni hotuba ndefu. Sufuria ya presha nimeazima kwa jirani yule yule wa magadi, na Kablanketi zilizolowekwa ziliiva kwa dakika 25. Vidonge nimefikia nusu. Wageni walimaliza parachichi kabla ya viazi, nikalazimika kuponda mengine wakiwa wameshakaa, na shangazi mmoja mkubwa aliuliza mbona hakuna sambusa, akajibiwa na Baba mkwe mwenyewe kwamba nyumba hii inapika chakula cha wakubwa.

Nina swali moja limebaki. Baba mkwe ametamani usipa wa Kyela, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, na nimenunua wakavu kilo moja. Niliwapika mara moja wakawa wachungu, wenye mchanga, na wenye chumvi ambayo sikuitia mimi. Nifanyeje?

Mama wa Rungwe

Uchungu uko kwenye kichwa na tumbo, mwanangu. Kaa chini na sinia, uvunje vichwa na utoe ule uzi mweusi wa tumboni. Kilo moja itakuchukua muda mrefu, kwa hiyo tafuta wa kupiga naye soga. Kisha waonje wakavu. Ukikuta walitiwa chumvi wakati wa kuanikwa, waloweke katika maji ya moto kwa robo saa na umwage maji hayo, na kama bado wamekolea, urudie. Wasiotiwa chumvi waoshe tu kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, ukiwainua kwa mikono kutoka kwenye beseni badala ya kumimina maji, ili mchanga ubaki chini.

Wakishachuja maji, warushe kwenye sufuria kavu isiyo na mafuta, ugeuze mpaka uwasikie wanalia kama majani makavu. Hapo kamulia limao, waache walinywe, ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu chako cha subira, tangawizi na nyanya. Chumvi usiiguse kabisa mpaka uonje. Wapikwe kwa muda mfupi, wabaki wakavu wakavu, na mifupa yake ataila yote, nayo ina kalsiamu nzuri kwa mzee. Fungua dirisha kabla hujaanza.